Seli za ini hazina shingo: kisa cha Mwalimu na unga wa mwani

Asubuhi moja ya Julai Mwalimu alipanda mizani ya duka langu la dawa, nyuma ya soko la Mbuyuni, ikasoma kilo 77. Majuma tisa kabla ya hapo mizani hiyohiyo ilisoma 84. Nilimpa mkono nikamwambia, "Hongera sana, Mwalimu." Neno hilo ndilo linalonifanya niandike kisa hiki. Nililitoa mapema mno, na kila kitu cha kunizuia nisilitoe kilikuwa mbele ya macho yangu.

Ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Marangu anayeishi Moshi mjini. Ameniruhusu kuandika, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Ana kisukari kwa mwaka wa sita, anatumia metformini. Mwezi wa nne alipigwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya ubavu wa kulia, akaambiwa ini lake limejaa mafuta. ALT, kimeng'enya kinachovujia kwenye damu seli za ini zinapoumia, kilisoma 46, juu kidogo ya kawaida. Daktari alimshauri apunguze uzito, apunguze wanga na sukari, atembee kila siku. Ushauri sahihi kabisa, na mgumu kwa mtu anayealikwa kipaimara au harusi kila Jumamosi.

Ndipo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yao likapita tangazo la unga wa mwani wa kahawia kutoka nje ya nchi. Aliyekuwa anauuza alikuwa na kipeperushi, na juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwani huo umethibitishwa kuyeyusha mafuta kwenye seli za ini la binadamu. Mwalimu hakukurupuka. Aliniletea kipeperushi kabla ya kufungua kopo.

"Mwanangu, wewe umesomea haya mambo. Hii ni kweli?"

Nikasoma. Nikamjibu, "Hayo ya maabara ni kweli, Mwalimu."

Aliuliza kuhusu ini lake, nikamjibu kuhusu seli. Kuanzia siku iliyofuata alikuwa anakoroga vijiko viwili kwenye uji wa asubuhi.

Nilichokijua

Jibu langu halikutoka hewani. Kabla ya kurudi Moshi nilifanya kazi miaka miwili kwenye maabara ya chuo nikilisha seli za ini. Nasema kulisha kwa sababu ndivyo ilivyo: kila baada ya siku mbili unamwaga maji yake yaliyoanza kugeuka kutoka waridi kuwa manjano kwa asidi ya taka zake, unaziwekea mapya, unazirudisha kwenye kabati la nyuzijoto 37.

Seli hizo zinaitwa HepG2. Zilitolewa miaka ya 1970 kwenye uvimbe wa saratani katika ini la kijana wa miaka 15 kutoka Argentina, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Kwa hiyo ni seli za ini la binadamu kweli. Hapo kipeperushi hakikudanganya. Ila ni seli za saratani. Vimeng'enya vingi ambavyo ini zima hutumia kuchakata dawa na sumu, hasa vile vya familia ya CYP, ndani yake ni haba. Zipo zinazokaribia zaidi ini halisi, kama HepaRG, na zipo zinazotolewa moja kwa moja kwenye ini la mtu, lakini hizi za mwisho ni ghali na zikikaa siku chache kwenye sahani huanza kusahau kazi yake.

Jaribio lenyewe ni rahisi kueleza. Unazilaza seli usiku kucha kwenye asidi mbili za mafuta, oleiki na palmitiki. Asubuhi ukichungulia kwenye hadubini, kila seli imejaa vitone vinavyong'aa kama samli juu ya supu inayopoa. Ukitia rangi nyekundu inayoshika mafuta, sahani nzima inaiva. Kisha unachukua sahani ya pili, iliyolishwa mafuta yaleyale lakini ikaongezewa ekstrakti ya mwani, yaani mwani uliokaushwa, ukasagwa, ukalowekwa kwenye alkoholi au maji na kuchujwa. Wekundu unafifia. Nimeuona ukififia kwa macho yangu, na siku ile nilitoka maabara nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu.

Kinachotokea ndani kinajulikana vizuri. Kila seli ina kimeng'enya kiitwacho AMPK, na kazi yake ni kama ya mama anayechungulia unga uliobaki kwenye debe. Debe likipungua, anasimamisha mapishi ya wageni. AMPK ikiamka, seli inaacha kutengeneza mafuta mapya: kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo kinafungwa, na swichi ya jeni iitwayo SREBP-1c inateremshwa. Wakati huohuo mlango wa CPT1 unafunguka, na mafuta yaliyokuwa ghalani yanaingia kwenye mitokondria, majiko ya seli, kuchomwa. Vitu vya mwani wa kahawia kama fukozanthini, fukoidani na florotanini vimeonekana mara nyingi vikiamsha njia hii kwenye seli za ini. Hata metformini ya Mwalimu huiamsha AMPK.

Hadi hapo ningeweza kusimama mbele ya mtu yeyote nikatetea kipeperushi.

Lakini AMPK haiulizi kwa nini debe limepungua. Kitu chochote kinachobana mitokondria kitaiamsha, hata sumu, na seli inayoumwa nayo hupungua mafuta. Ndiyo maana lazima upime kama seli bado ni nzima, na kipimo kinachotumika sana ni kile cha rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Siku moja, kwa kutaka uhakika, niliweka ekstrakti kwenye kisima, yaani kitundu kimoja cha sahani, kisicho na seli hata moja. Kikageuka zambarau. Florotanini zina nguvu ya kugeuza rangi ile zenyewe, bila msaada wa kiumbe hai, na mtu asiyeweka kisima kitupu pembeni anaweza kuandika kwamba seli zake zina afya njema huku zimeshakufa.

Kisha kuna suala la kiasi. Kwenye sahani tulikuwa tunatumia mikrogramu 100 za ekstrakti kwa kila mililita. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Ili damu peke yake ifike kiwango hicho, bila kuhesabu nyama, mafuta na maji mengine ya mwili, ingebidi nusu gramu nzima ya ekstrakti iwe imepita ukuta wa utumbo na kubaki kwenye mzunguko kwa wakati mmoja. Fukoidani ni molekuli kubwa mno. Sehemu yake kubwa huishia kwenye utumbo mpana, chakula cha bakteria. Hata bakteria wenyewe hutofautiana: mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa tumboni mwa Wajapani wamebeba jeni za kumeng'enya mwani wa aina nyekundu, walizozipata kwa bakteria wa baharini, na jeni hizo hawakuziona kwa Wamarekani waliowalinganisha nao. Tumbo lililokulia mtori na kiburu halina sababu ya kuwa nazo.

Na fukozanthini, ile inayosifiwa kuliko zote, utumbo huikata na kuigeuza fukozanthinoli kabla haijafika kwenye damu. Seli zangu nilizimiminia fukozanthini yenyewe. Yaani nilizilisha kitu ambacho ini la mtu aliyekunywa uji halikutani nacho.

Haya yote niliyajua siku Mwalimu aliponiuliza. Yangetosha kumwambia, "Mwalimu, mafuta yaliyopungua kwenye sahani hayakuahidi chochote kuhusu wewe." Ningeishia hapo, ningekuwa nimemwokolea fedha tu. Kilichomdhuru mimi na kipeperushi hatukukifikiria kabisa.

Julai

Baada ya hongera yangu, Mwalimu alikaa kwenye benchi akavua sweta. Wanaoijua Moshi ya Julai wanajua watu wanavyotembea wamejikunyata, wengine na kofia za sufu hadi saa nne. Yeye alikuwa anajipepea kwa kipeperushi kilekile cha mwani.

Akafungua daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa, maana yeye ndiye katibu, alitaka nimsaidie hesabu moja ya riba. Huyu ni mtu aliyewafundisha watoto wa darasa la kwanza kuumba herufi kwa miaka zaidi ya 30. Ukurasa wa Aprili ulikuwa kama umechapwa. Ukurasa wa Juni herufi zilitetemeka, mkia wa kila "y" umepinda mara mbili, kama mtu aliyeandika ndani ya daladala inayoteremka Kibosho.

Nikamshika mkono. Kiganja cha moto, kimelowa. Mapigo 118 kwa dakika, amekaa.

Vipimo alikuwa navyo kwenye mkoba, alivifanya wiki ile kwa fedha yake ili ajionee mafanikio. Lehemu mbaya imeshuka vizuri, naye alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Sukari ya asubuhi ilikuwa imepanda kutoka 7 hadi 9.4, yeye akadhani betri za mashine yake zimechoka. ALT ilikuwa 68.

Hapa ndipo kisa kinapofunguka, na ningependa kila anayeuza dawa akae nacho kidogo. Mtu mwenye ini la mafuta na kisukari akipungua kilo saba kwa njia njema, sukari ya asubuhi inateremka na ALT inateremka nayo. Vitu hivi huenda pamoja. Kwa Mwalimu uzito na lehemu vilishuka, sukari na ALT vikapanda. Hakuna hadithi ya "ini linapona" inayoweza kubeba namba hizo nne kwa pamoja.

Nikamwomba alegeze mtandio. Upande wa kulia wa shingo palikuwa na rovu la ukubwa wa yai la kuku.

"Hili ni la usichanani, mwanangu. Halijawahi kunisumbua."

Mwalimu alikulia milimani miaka ya 1960 na 1970. Madini joto ni haba kwenye udongo wa nyanda za juu, mvua imeyasomba karne nyingi, na chumvi yenye madini joto ilianza kusambazwa kwa nguvu ya sheria nchini mwetu katika miaka ya 1990. Tezi ya shingo iliyokulia kwenye njaa ya madini joto hujitanua ili ishike kila chembe inayopita, na miaka ikienda huota vinundu. Baadhi ya vinundu hujitoa kwenye utii: haviisikilizi tena amri ya ubongo inayosema acha. Kwa miaka mingi havina madhara kwa kuwa malighafi ni kidogo. Siku malighafi ikimwagika, vinatengeneza homoni mchana na usiku.

Mwani wa kahawia ni ghala la madini joto kuliko chakula kingine chochote. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Gramu moja ya mwani mkavu wa kahawia wa jamii ya kombu inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 2,000. Kopo la Mwalimu halikuandikwa kiasi. Nilipima kijiko chake kwenye mizani yangu ndogo: gramu 3. Hata tukiuhurumia unga ule, tuseme una mikrogramu 500 tu kwa gramu, vijiko viwili ni mikrogramu 3,000 kila asubuhi. Mara 20 ya mahitaji, kwa siku 60 na zaidi.

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa magonjwa ya ndani siku ileile. TSH, ile amri ya ubongo kwa tezi, ilikuwa chini kuliko mashine inavyoweza kusoma, T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa karibu mara mbili ya kikomo cha juu, na ultrasaundi ya shingo ikaonyesha vinundu vitatu.

Ini lake lilifanya nini hasa

Kinachonivutia na kunihuzunisha kwa pamoja ni kwamba mwani uliubadilisha kweli umetaboli wa seli za ini la Mwalimu. Uliubadilisha sana. Ila ulipitia shingoni, njia ambayo sahani ya maabara haina.

Homoni ya tezi ikifika kwenye ini huamuru mafuta yachomwe. Huamuru pia milango ya kupokea lehemu mbaya iongezeke juu ya seli, ndiyo maana lehemu ilishuka. Lakini amri hiyohiyo inalisukuma ini litengeneze glukosi mpya na kuimwaga kwenye damu, ndiyo sukari ya asubuhi. Ini likafanya kazi kwa moto mkubwa kuliko hewa linayopata, seli zikaumia, ALT ikapanda. Na zile kilo saba? Sehemu yake ilikuwa misuli. Alipojaribu kuinuka kwenye benchi alilazimika kujisukuma kwa mikono, jambo nililoliona na kulipita.

Watafiti wanaifahamu nguvu hii. Machi 2024 Marekani ilipitisha resmetiromu, dawa ya ini la mafuta lililoanza kupata makovu, nayo inafanya kazi kwa kugusa kipokezi cha homoni ya tezi kilichojaa kwenye ini, kiitwacho beta. Miaka mingi ya kazi ilikwenda kutafuta molekuli itakayogonga mlango wa beta na kuuacha ule wa alfa, ambao ndio unaotawala moyo. Homoni ya vinundu vya Mwalimu haikuwa na uchaguzi huo. Ilichoma mafuta ya ini na kuupiga moyo mijeledi kwa wakati mmoja, na kwa umri wake moyo uliokwenda kasi vile ungeweza kupoteza mpangilio na kurusha damu iliyoganda hadi kwenye ubongo.

Seli za HepG2 hata ukiziogesha kwa madini joto hazitakuonyesha hili. Seli za ini hazina shingo. Hazina utoto wa Marangu. Aliyefanya jaribio hakukosea. Hakuulizwa swali hilo.

Wala halikuwa jambo geni. Zimbabwe na Kivu, nchini Kongo, katika miaka ya 1990 watu wenye marovu ya siku nyingi walipata ugonjwa huuhuu chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa wingi, na kabla yao Tasmania, mkate ulipotiwa madini joto mwaka 1966. Chumvi ile imeokoa akili za watoto wengi mno na sina neno dhidi yake. Nasema tu kwamba mzee wa milimani mwenye rovu ni mtu wa kuulizwa kabla, na mimi niliyezaliwa hapahapa nilipaswa kulijua hilo kwanza kabla ya AMPK.

Kwa wanaotaka kuniuliza kuhusu mwani wa Zanzibar: ule unaolimwa Paje na Jambiani, kazi iliyoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980 na inayobebwa na akina mama, ni mwekundu, jamii mbili zijulikanazo kama spinosamu na kotonii. Una karajinani nyingi, ute unaotumika kugandisha vyakula, na madini joto yake ni kidogo sana ukiulinganisha na huu wa kahawia. Naomba kisa hiki kisitumike kuwaharibia soko. Neno "mwani" peke yake halitoshi, kama ambavyo neno "uyoga" halitoshi.

Novemba

Unga ulisimamishwa. Alipewa propranololo kutuliza moyo na kabimazoli kuizuia tezi, nami nikamkalisha kumweleza kwamba akipata homa au koo kuuma asinunue kitu kwangu wala kwa mwingine, aende moja kwa moja kupimwa chembe nyeupe za damu. Kabimazoli ilichelewa kushika, kwa kuwa tezi ilikuwa na akiba ya kutosha. Majuma sita ya mwanzo alikuwa ananipigia usiku akisema moyo unamkimbia, na nilikuwa napokea.

Mwezi wa kumi na moja alikuja na daftari kwapani. Mapigo 76. TSH imeanza kusomeka, ALT imerudi 45, sukari 7.2. Uzito kilo 80. Ultrasaundi ya ini ilisema vilevile kama Aprili: mafuta.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Haya, tezi imetulia. Sasa ini langu?"

Safari hii nilivuta kiti. Nikamwambia kwamba akipungua asilimia 5 ya uzito mafuta ya ini hupungua, na akifika kati ya 7 na 10 hata uvimbe unaoletwa na mafuta ndani ya ini unaweza kutulia. Na kwamba kilo zipungue taratibu, kwa kutembea na kwa sahani, si chini ya miezi sita, huku anakula maharage na mayai ya kutosha ili misuli aliyopoteza irudi. Akaniuliza asilimia 7 ya kilo zake ni ngapi. Tukapiga hesabu: kilo 5.6.

Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la kikundi, akaandika "74.4" kwa ule mwandiko wa ubaoni, akachukua rula kwenye kaunta yangu na kuipigia mstari chini.